Taimingi belti na wota pampu za Golf IV na Jetta 1.9 TDI: kubadilisha mwenyewe, hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale kila mara. Belti inaonekana nzima, kwa nini niitoe? Wota pampu haivuji, niibadilishe ya nini? Siwezi kupiga alama za rangi kwenye puli, nikatoa belti ya zamani na kuvisha mpya bila vifaa maalumu?

Majibu mafupi ni haya. Taimingi belti, mkanda wa meno unaofanya kamshafti (shafti inayofungua valvu) izunguke sambamba na kranki (shafti inayozungushwa na pistoni), haipigi hodi kabla ya kukatika. Mara nyingi inakatika ikiwa bado inapendeza machoni. Wota pampu ya injini hii inazungushwa na belti hiyo hiyo, kwa hiyo bering'i yake ikikwama inaondoka na belti na valvu zote pamoja. Na alama za rangi hazitoshi. Sababu utaiona tutakapofika kwenye puli ya kamshafti, ambapo kazi nyingi za aina hii zinaharibikia.

Hakikisha kwanza injini ni yenyewe

Mwongozo huu ni wa injini za dizeli za Volkswagen za 1.9 TDI zenye pampu ya dizeli ya kuzunguka (Bosch VP37) na valvu mbili kwa silinda. Kodi zake ni ALH, AGR, AHF na ASV. Utazikuta kwenye Golf IV, Bora, New Beetle, Skoda Octavia ya kwanza, Seat Leon na Audi A3 za miaka hiyo. Amerika Kaskazini ni ALH, iliyokuwa kwenye Golf, Jetta na New Beetle hadi modeli za 2003. Kodi imeandikwa kwenye stika iliyobandikwa juu ya kava ya taimingi, na tena kwenye stika ya taarifa za gari ndani ya buti.

Kama kodi yako ni AJM, ATD, AXR, BEW au BRM, ishia hapa. Hizo ni injini za PD, ambazo kila silinda ina injekta yake yenye pampu ndani. Zina tenshena (puli ya kukazia belti) ya aina nyingine, loki nyingine na utaratibu mwingine.

Na wenye Toyota, kwa kuwa swali lao haliishi: kwenye Land Cruiser ya 1HZ, au Prado ya 1KZ na 1KD, taimingi belti ipo, lakini wota pampu inazungushwa na fani belti ya nje. Kazi hizo mbili hazitegemeani, na hatua zilizo hapa hazifai kwenye gari hizo.

Kwa nini injini hii haisamehe

Uwiano wa mgandamizo wake ni 19.5 kwa 1. Pistoni ikifika juu, nafasi kati yake na kichwa cha silinda ni ndogo mno, na valvu ikiwa wazi wakati huo lazima zigongane. Belti ikikatika, au ikiruka meno machache, valvu zinapinda. Hapo unazungumzia kufungua kichwa chote.

Kit ya modeli za mwisho, zile zenye aidla kubwa (puli inayoongoza njia ya belti), ilipangiwa maili 100,000, yaani kilomita 160,000. Gari za mwanzo zilipangiwa umbali mfupi zaidi, kwa hiyo soma kitabu cha gari yako na karatasi ya kit uliyonunua. Umri nao unahesabiwa, kwa sababu mpira unachoka hata gari ikiwa imeegeshwa. Ukinunua gari ya mkononi na muuzaji hana risiti ya kazi hii, chukulia kwamba belti imeisha.

Vipuri

Nunua kit kamili, usiokoteze kimoja kimoja. Kit nzuri ina:

- taimingi belti
- tenshena pamoja na nati yake
- aidla kubwa na boliti yake mpya
- aidla ndogo
- wota pampu na oringi yake
- boliti mpya za mauntingi ya injini, puli ya kranki na puli ya pampu ya dizeli

Boliti hizo si pambo. Nyingi ni za kuvutika: zinafungwa kwa kipimo fulani kisha zinaongezwa robo mzunguko, na chuma chake kinanyooka mara moja tu. Ukizirudisha za zamani, ama zitalegea ama zitakatika mkononi.

Kuhusu wota pampu, chagua yenye mapanga ya chuma. Pampu nyingi za awali zilikuwa na mapanga ya plastiki yanayopasuka au kuachana na shafti. Gari inachemka huku pampu ikionekana nzima kwa nje, na mwenye gari anabadilisha thamostati mara tatu bila kupata dawa.

Ongeza kulanti ya G12 lita 3, maji yasiyo na chumvi lita 3 (yale yanayouzwa kwa kuongezea kwenye betri), oringi ya vakyumu pampu, na fani belti mpya kama ya zamani ina nyufa. Ukiona mafuta nyuma ya puli ya kamshafti au ya kranki, nunua na oili sili yake. Belti mpya iliyolowa oili haidumu.

Vifaa

Soketi na spana za kawaida unazo. Hivi vingine ndivyo vinavyoamua kama kazi itafanikiwa:

- bapa la kufungia kamshafti
- pini ya kufungia pampu ya dizeli
- spana ya ncha mbili ya kuzungushia tenshena
- mkono wa kushikilia puli ya kamshafti, na pula ya kuing'olea
- spana ya toki, ikiwezekana mbili: ndogo inayoanzia Nm 10 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza) na kubwa inayofika Nm 100
- soketi ya 19 yenye pembe 12 kwa boliti ya kranki
- spana ya alen ya 6
- fila geji (vipande vyembamba vya kupimia mwanya)
- jeki, stendi mbili imara na kipande kipana cha ubao

Vifaa maalumu vinauzwa kama seti moja, na mara nyingi unaweza kuazima au kukodi. Bila bapa na pini, kazi isianze.

Jipe siku mbili. Fundi aliyeizoea anaimaliza kwa saa chache, lakini anayeanza akiwa na haraka ndiye anayeruka ukaguzi wa mwisho.

Kufungua

1. Injini ilale usiku kucha ipoe. Hakikisha una kodi ya redio, kisha chomoa waya hasi wa betri. Fungua boliti za tairi la mbele kulia, inua gari, weka stendi, toa tairi na kava ya chini ya injini. Upande wa taimingi ni kulia kwa gari ukiwa umekaa unatazama mbele. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake.

2. Toa kava ya plastiki ya juu, bomba la turbo linalopita upande huo kwenda intakula (kipozea hewa ya turbo), kisha sogeza pembeni kopo la kulanti na kopo la mafuta ya stelingi bila kuchomoa mipira yake. Filta ya dizeli nayo isogeze, lakini usifungue mipira ya dizeli. Ukiifungua unaingiza hewa na kujiongezea kazi. Ziba midomo ya mabomba ya turbo kwa kitambaa safi. Nati moja ikidondokea humo, itaishia kwenye turbo au kwenye injini.

3. Piga picha ya njia ya fani belti. Zungusha tenshena yake kwa spana, toa belti, na iwekee mshale wa mwelekeo kama utairudisha.

4. Kinga beseni, mwaga kulanti. Haitatoka yote, nyingine itamwagika utakapotoa wota pampu. Isiachwe wazi, kwa sababu ina utamu unaovutia watoto na wanyama na ni sumu.

5. Shikilia boliti ya katikati ya kranki kwa soketi ya 19, kisha legeza boliti nne za alen zinazofunga puli. Boliti ya katikati yenyewe usiifungue. Hiyo imefungwa kwa Nm 120 na robo mzunguko juu yake, na haihusiki na kazi hii.

6. Toa puli ya kranki, kava ya juu ya taimingi (ina klipu), ya kati na ya chini.

7. Weka ubao mpana chini ya sampu ya oili na uinue jeki hadi iguse tu. Ubao usiwe mwembamba, sampu inapasuka. Sasa fungua mauntingi ya kulia ya injini, ile kati ya bodi na mkono wa injini, kisha mkono wenyewe uliofungwa kwenye bloku kwa boliti tatu. Boliti moja haitatoka mpaka uinue au kushusha injini kidogo kwa jeki, maana inagonga bodi. Isogeze taratibu huku ukiangalia mipira na mabomba yasivutike.

8. Toa kava ya valvu. Upande wa pili wa kichwa, wa gia boksi, toa vakyumu pampu ili uone mwisho wa kamshafti. Pale pana mkato uliopasua kamshafti katikati. Humo ndimo bapa linaingia.

Kufunga injini kwenye kituo chake

9. Zungusha kranki kwa soketi ya 19, kufuata mwendo wa saa tu. Itakuwa nzito kwa sababu ya mgandamizo, enda polepole. Chungulia tundu lililo juu ya gia boksi hadi alama kwenye flaiwili (gurudumu zito lililofungwa mwisho wa kranki) ilingane na kielekezi. Gari za gia otomatiki zina alama yake tofauti, ithibitishe kwenye kitabu cha ukarabati. Kisha tazama kamshafti: mapembe yote mawili yanayosukuma valvu za silinda ya kwanza, iliyo upande wa belti, lazima yaelekee juu, yaani valvu zake zote zimefunga. Kama yameelekea chini, zungusha kranki mzunguko mmoja mzima zaidi.

10. Ingiza bapa kwenye mkato wa kamshafti. Lisukume lilale upande mmoja juu ya kichwa cha silinda, kisha pima mwanya uliobaki upande wa pili kwa fila geji. Gawa kipimo hicho kwa mbili na uweke fila geji ya nusu hiyo kila upande. Mwanya ukiwa milimita 0.40, kila upande unapata 0.20. Sasa kamshafti iko katikati kabisa. Wengi huliacha bapa lilalie upande mmoja na kudhani ni sawa.

11. Ingiza pini kwenye pampu ya dizeli, ipite kwenye tundu la puli hadi kwenye mwili wa pampu. Isipoingia kwa mikono, usiigonge. Rudi hatua ya 9.

Hapa pana onyo kubwa kuliko yote kwenye kazi hii. Puli ya pampu ya dizeli ina boliti tatu za pembeni na nati moja kubwa ya katikati. Boliti tatu zinaguswa. Nati ya katikati haiguswi kamwe. Imeshikilia kitovu cha pampu kwenye mpangilio wa kiwandani ambao huwezi kuurudisha gereji wala nyumbani. Ukiilegeza, pampu inakwenda kwa fundi wa pampu.

12. Legeza boliti ya puli ya kamshafti ukiwa umeishikilia puli kwa mkono wake maalumu. Usitumie bapa kama kishikizo; bapa linapasua mwisho wa kamshafti, na kamshafti ni pesa. Legeza boliti mizunguko michache, kisha achanisha puli na kamshafti kwa pula, au kwa kugonga kidogo kwa nyuma kupitia tundu la kava ya nyuma.

Hii ndiyo sababu alama za rangi hazitoshi. Puli hii haina ufunguo wala pini inayoipangia mahali. Imebanwa kwenye ncha ya kamshafti yenye umbo la pia, kwa nguvu ya boliti tu. Kiwandani walikusudia hivyo. Unapokaza belti mpya, puli inatakiwa iwe huru kuzunguka kidogo, ili mvutano ugawanyike sawa upande wote huku kamshafti ikiwa imesimama kwenye bapa. Ukivisha belti puli ikiwa imefungwa na ukafuata alama za rangi, kila tofauti ndogo ya urefu kati ya belti ya zamani na mpya inahamia kwenye taimingi. Injini itawaka, ila itatoa moshi, itakula dizeli au itagonga asubuhi.

13. Piga picha ya njia ya taimingi belti, kisha legeza nati ya tenshena, toa belti. Kuanzia sasa kranki na kamshafti zisizungushwe hata kidogo.

Wota pampu na aidla

14. Toa aidla zote mbili na tenshena. Fungua boliti tatu za wota pampu, ikinge beseni, na uivute. Imebanwa na oringi, kwa hiyo inaweza kugoma. Itikise pembeni, usiichokonoe na bisibisi kwenye uso wa bloku. Mkwaruzo mmoja ni uvujaji wa maisha.

15. Safisha kiti chake hadi chuma king'ae. Kutu na chumvi iliyokauka ndiyo inayofanya pampu mpya ivuje. Lowesha oringi kwa kulanti, si kwa grisi wala silikoni. Ingiza pampu tundu lake dogo la kudondoshea likitazama chini, funga boliti kwa zamu, Nm 15.

16. Kama oili sili za kamshafti na kranki zinavuja, zibadilishe sasa. Futa oili na kulanti yote palipo na njia ya belti.

17. Funga aidla ndogo kwa Nm 20. Aidla kubwa inafungwa kwa boliti mpya, Nm 40 na kisha robo mzunguko. Weka tenshena mpya: ina kijipembe cha chuma kwa nyuma ambacho lazima kiingie kwenye mkato wake. Kisipoingia, tenshena itaonekana imekaa lakini imepinda, na belti itatembea hadi ukingoni. Kiguse kwa kidole uthibitishe.

Kuvisha na kukaza belti

18. Legeza boliti tatu za puli ya pampu ya dizeli na uweke mpya, ukizifunga kwa vidole tu ili puli iweze kuteleza kwenye matundu yake marefu. Isogeze iwe katikati ya matundu hayo. Rudisha puli ya kamshafti, boliti yake ifungwe kwa vidole: izunguke huru, lakini isiyumbe.

19. Visha belti kwa kufuata picha uliyopiga. Kanuni ni moja. Upande wa kranki kwenda pampu ya dizeli na kamshafti ubaki umevutika, na ulegevu wote uishie upande wa tenshena. Belti ikigoma kupanda, usiiparamie na bisibisi. Zungusha puli ya kamshafti, iliyo huru, kidogo hadi meno yakubali. Belti isikunjwe wala kugeuzwa ndani nje, maana nyuzi zake zinavunjika na hutaziona.

20. Kagua tena: alama ya flaiwili, bapa, pini. Vyote vitatu viko sawa? Zungusha tenshena kwa spana ya ncha mbili, kufuata mwendo wa saa, hadi mkato na alama iliyoinuka juu yake vitazamane. Ukipitiliza, legeza kabisa uanze upya. Usirudishe kidogo kidogo. Shikilia hapo, funga nati Nm 20.

21. Funga boliti ya kamshafti Nm 45, ukishikilia puli kwa mkono wake. Kisha boliti tatu za pampu ya dizeli: mpya za kuvutika ni Nm 20 na robo mzunguko, injini za mwanzo zenye boliti za kawaida ni Nm 25.

22. Toa bapa. Toa pini. Hivi vikibaki ndani na mtu akazungusha injini, unaanza upya na vipuri vipya.

23. Zungusha kranki mizunguko miwili kamili kwa mkono. Miwili, kwa sababu kamshafti inazunguka mara moja kila kranki inapozunguka mara mbili. Ukikutana na kizuizi kigumu cha ghafla, simama. Hiyo ni valvu imegusa pistoni, na kwa mkono bado haijapinda. Mizunguko ikiisha, alama ya flaiwili ilingane, bapa liingie, na pini iingie. Pini peke yake ikikataa kwa kiasi kidogo, legeza boliti tatu za pampu, sogeza hadi iingie, funga tena. Bapa likikataa, legeza puli ya kamshafti na urudi hatua ya 20.

24. Bonyeza belti kwa kidole gumba. Alama za tenshena zitaachana. Achia, zungusha kranki mizunguko miwili tena: ziwe zimerudi kutazamana.

Usiendelee mpaka hatua ya 23 na 24 zimepita zote. Kava zikisharudi, hakuna atakayekuwa na hamu ya kufungua tena.

Kurudisha

25. Mkono wa injini kwenye bloku, Nm 45. Mauntingi kwenye bodi, boliti mpya, Nm 40 na robo mzunguko. Mauntingi kwenye mkono wa injini, Nm 60 na robo mzunguko. Usisahau boliti ile inayohitaji kupandishwa injini. Iweke kwenye mkono kabla mkono haujakaa. Jeki isitolewe mpaka mauntingi imefungwa yote.

26. Kava za taimingi, kisha puli ya kranki na boliti zake mpya: Nm 10 na robo mzunguko. Kava ya valvu, Nm 10, gasketi ikiwa safi. Rudisha vakyumu pampu na oringi mpya, na mpira wake wa breki. Rudisha fani belti, mabomba ya turbo na makopo.

27. Changanya G12 na maji nusu kwa nusu. Mfumo unachukua karibu lita 6. Mchanganyiko huo unalinda hadi karibu nyuzi 35 chini ya sifuri, na kwenye joto unazuia kutu, kwa hiyo aliye Mombasa anauhitaji sawa na aliye Toronto. Usichanganye G12 ya pinki na kulanti ya kijani au ya bluu. Vikikutana vinageuka uji wa kahawia unaoziba rediata. Mimina polepole huku ukiminya mipira mikubwa ili hewa itoke.

28. Rudisha betri. Washa. Kwa kuwa hukufungua mipira ya dizeli, injini itawaka kama kawaida. Acha ipate moto, hita ikiwa wazi mwisho, na uongeze kulanti inavyoshuka. Angalia chini ya wota pampu kwa tochi.

29. Kazi ya mwisho ni kompyuta. Injini ikiwa na joto la kazi, fungua VCDS (programu ya kompyuta ya kupima gari za Volkswagen) kwenye kundi 000 na utazame mchoro wa taimingi ya pampu ya dizeli. Pini inakupa mahali pa kuanzia tu. Kipimo kikiwa nje ya mistari, zima injini, legeza boliti tatu za pampu, sogeza kitovu kiasi cha unywele, funga, pima tena. Wasio na VCDS wampelekee mwenye nayo kabla ya safari ndefu.

Ikileta shida

Inazunguka lakini haiwaki. Angalia kama ulichomoa mpira wa dizeli au plagi ya waya ulipokuwa unasogeza filta. Vikiwa sawa, taimingi ya pampu imeenda mbali. Rudi kwenye pini. Usiendelee kustata kwa matumaini.

Moshi mweupe asubuhi na injini inatetemeka. Pampu imechelewa. Ikigonga kwa ukali kama nyundo kwenye bati, imewahi. Vyote vinatengenezwa hatua ya 29.

Mlio kama filimbi unaopanda na mizunguko. Belti imekazwa kupita kiasi, au inasugua kava. Toa kava ya juu, tafuta vumbi jeusi la mpira.

Belti inakimbilia ukingoni. Karibu kila mara ni kile kijipembe cha tenshena, au stadi yake iliyopinda. Isiendeshwe hivyo hata kilomita moja.

Joto linapanda na hita inapuliza baridi. Hewa imebaki. Acha ipoe kabisa, jaza, washa tena. Kamwe usifungue kifuniko cha kopo injini ikiwa ya moto.

Inadondosha kulanti karibu na wota pampu. Oringi imebanwa vibaya au kiti hakikusafishwa. Kukaza boliti zaidi hakusaidii. Kunapasua mwili wa pampu. Inatoka na kurudi upya.

Pedeli ya breki imekuwa ngumu. Mpira wa vakyumu haukurudi mahali pake, au oringi imekaa upande. Gari isitoke kabla hujalimaliza hili.

Haina nguvu, turbo kama imekufa. Bomba la intakula halijashika klipu, au kitambaa ulichozibia bado kimo ndani. Hesabu vitambaa ulivyotumia.

Gari imekubali? Itembeze kilomita 20 hivi karibu na nyumbani, iache ipoe, angalia kiwango cha kulanti na ukague chini. Rudia baada ya siku mbili. Kisha andika kwenye stika ya kava ya taimingi, kwa wino usiofutika: tarehe, kilomita za siku hiyo, na kwamba wota pampu ilibadilishwa pamoja na belti.